"Huyu Hauziki": Dhana Potofu Kuhusu Nani Anaweza Kuwa Rais wa Marekani

Mwishoni mwa mwaka 2007, wapiga kura wengi weusi wa South Carolina walikuwa bado wanasitasita kumuunga mkono Barack Obama. Walimpenda. Walichohofia ni kwamba wazungu hawatampa kura, hivyo kumchagua kungekuwa kuitupa nafasi. Tarehe 3 Januari 2008 Obama akashinda Iowa, jimbo ambalo wakati huo zaidi ya wakazi tisa kati ya kumi walikuwa wazungu. Siku ishirini na tatu baadaye South Carolina ikampa asilimia 55 ya kura za mchujo za chama cha Democratic. Sera zake zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kile ambacho watu walidhani kuhusu wenzao.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa neno hili "kuuzika". Anayesema mgombea fulani hauziki mara nyingi hasemi kwamba yeye mwenyewe hamtaki. Anasema jirani yake hatamtaka.

Kenya ilipopumzika tarehe 6 Novemba 2008, kwa tangazo la Rais Mwai Kibaki, ili kusherehekea ushindi wa mwana wa Mkenya, uchaguzi wa Marekani ulikuwa umeshaingia kwenye baraza zetu, na haujatoka. Kila msimu nasikia hoja zilezile, na nyingi zinadhania kwamba Wamarekani wanachagua rais kama tunavyochagua sisi.

Dhana: Mwenye kura nyingi nchi nzima ndiye rais

Kwa Mtanzania hilo halina mjadala, aliyepata kura nyingi kuliko wenzake ameshinda. Kenya inadai zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kwetu sote kura zinaingia chungu kimoja.

Marekani haina chungu hicho. Siku ya uchaguzi hufanyika chaguzi 51, moja kwa kila jimbo na moja kwa mji mkuu, Washington DC, na kila moja ina idadi yake ya wajumbe wa kumchagua rais. Jumla yao ni 538, yaani sawa na wabunge 435 wa Bunge la Wawakilishi na maseneta 100, ukiongeza 3 wa mji mkuu. Anayefikisha 270 ameshinda. Kura za nchi nzima hujumlishwa na kutangazwa, lakini jumla hiyo haimpi mtu hata mjumbe mmoja.

Ndiyo maana mara tano, mwaka 1824, 1876, 1888, 2000 na 2016, aliyezidiwa kura za wananchi ndiye aliyeapishwa. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kwa zaidi ya kura nusu milioni, lakini akashindwa Florida kwa kura 537 na urais ukaenda. Kura 537! Hao ni watu wa shule moja ya msingi.

Mwaka 2016 unafundisha zaidi. Hillary Clinton alimshinda Donald Trump California kwa zaidi ya kura milioni 4. Angemshinda kwa kura moja tu, angepata wajumbe walewale 55. Wakati huohuo alishindwa Pennsylvania, Michigan na Wisconsin kwa tofauti ambayo, ukijumlisha majimbo yote matatu, haifiki kura 80,000. Nchi nzima alikuwa mbele kwa karibu kura milioni 2.9. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mgombea fulani anauzika, namrudishia swali: anauzika wapi? Bila jina la jimbo hatujaanza kuzungumza.

Dhana: Katiba ndiyo iliyoamuru mshindi wa jimbo achukue wajumbe wote

Haikuamuru. Katiba iliachia kila jimbo liamue namna ya kuwapata wajumbe wake, na majimbo 48 pamoja na Washington DC yakachagua kumpa mshindi wote. Maine na Nebraska yanagawa: wawili kwa mshindi wa jimbo zima, waliobaki mmoja mmoja kwa mshindi wa kila wilaya ya ubunge. Kwa njia hiyo Obama mwaka 2008, Joe Biden mwaka 2020 na Kamala Harris mwaka 2024 walipata mjumbe mmoja kutoka eneo la Omaha, ingawa Nebraska kwa ujumla ni ngome ya Republican.

Dhana: Mfumo huu unawapa sauti watu wa majimbo madogo

Ukitazama hesabu tupu, ni kweli. Wyoming haifikishi watu 600,000, na ina wajumbe 3. California ina watu karibu milioni 39 na sasa ina wajumbe 54. Gawanya uone: mjumbe mmoja wa Wyoming anasimama kwa watu wasiofika 200,000, wa California kwa zaidi ya 700,000.

Lakini nenda Wyoming wakati wa kampeni umtafute mgombea urais. Hutamwona, kwa sababu matokeo yake yanajulikana mapema. Mwaka 2024 nguvu na fedha zilimiminwa katika majimbo saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Hayo si madogo kwa watu, ukiiacha Nevada. Yana bahati moja tu, kwamba wafuasi wa vyama viwili wanakaribiana. Anayeishi nje ya hayo, jimbo likiwa kubwa au dogo, anatazama kampeni kwenye televisheni kama unavyoitazama wewe Tanga au Eldoret. Mwaka 2020 Trump alipata kura zaidi ya milioni 6 California, nyingi kuliko alizopata jimbo lingine lolote, Texas ikiwamo. Zote hizo hazikumletea mjumbe hata mmoja. Naona ni dhuluma kwa hao watu milioni 6, na ningesema hivyo hivyo kama wangekuwa wa upande mwingine.

Dhana: Utaratibu huu ulitengenezwa kuwasaidia Republican

Ulitungwa mwaka 1787. Chama cha Republican kilizaliwa 1854. Na upepo hugeuka. Mwaka 2004 Bush wa Republican alimzidi John Kerry wa Democratic kwa kura milioni 3 nchi nzima, lakini kama takriban watu 60,000 wa Ohio wangehama kutoka kwa Bush kwenda kwa Kerry, Kerry ndiye angekuwa rais.

Waliofaidika nao tangu mwanzo walikuwa wenye watumwa. Katika kugawa viti vya Bunge la Wawakilishi, na kwa hiyo wajumbe, kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu. Hawakuruhusiwa kupiga kura, lakini miili yao iliongeza uzito wa mabwana zao. Marais wanne kati ya watano wa kwanza walitoka Virginia, jimbo lililokuwa na watumwa wengi kuliko yote. Sijui namna ya kuusimulia mfumo huu kwa haki bila kulitaja jambo hilo.

Dhana: Asipopatikana mshindi watarudia uchaguzi

Mkenya hufikiria duru ya pili. Marekani haina. Ikiwa hakuna aliyefikisha 270, Bunge la Wawakilishi ndilo linalomchagua rais, na kila jimbo lina kura moja: Wyoming moja, California moja. Mwaka 1824 Andrew Jackson aliongoza kwa kura na kwa wajumbe, Bunge likamchagua John Quincy Adams. Si historia ya kale tu. Mwaka 2020 Biden alikuwa mbele kwa kura milioni 7, lakini Georgia, Arizona na Wisconsin alizichukua kwa jumla ya kura zisizofika 45,000. Zingemponyoka, wangefungana 269 kwa 269.

Dhana: Mgombea wa msimamo wa kati ndiye anayeuzika

Hofu hii ina sababu. Barry Goldwater wa Republican, aliyeonekana mkali mno wa mrengo wa kulia, alishinda majimbo 6 tu mwaka 1964. George McGovern wa Democratic, wa upande wa kushoto, aliambulia Massachusetts na mji mkuu mwaka 1972.

Lakini fuata habari ya Goldwater hadi mwisho. Miongoni mwa waliompigia debe alikuwa mwigizaji wa filamu aliyetoa hotuba yake kwenye televisheni mwaka huohuo wa 1964. Miaka 16 baadaye, akiwa na umri wa miaka 69 na mawazo yaleyale kwa sehemu kubwa, Ronald Reagan alishinda majimbo 44. Wengi walikuwa wamemwona mkali mno na mzee mno. Bei za vitu zilipopanda na Wamarekani 52 wakashikwa mateka Tehran, wapiga kura walimpima upya.

Kerry ni upande wa pili wa sarafu hiyo. Democratic walimchagua kwa kuamini kwamba askari aliyepigana Vietnam hawezi kushambuliwa katika suala la usalama. Alishambuliwa hapohapo, akaanguka. Na Michael Dukakis, naye wa Democratic, Julai 1988, aliongoza kwa asilimia 17 kwenye uchunguzi mmoja wa maoni ya wapiga kura. Novemba alipoteza majimbo 40.

Dhana: Mwanamke hauziki Marekani

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu baada ya Novemba 2024 niliisikia hata kwa watu wenye mabinti. Clinton ameshindwa, Harris ameshindwa, basi tusijaribu tena.

Clinton alipata kura nyingi kuliko mpinzani wake mwanamume. Taifa halikumkataa, alikwama kwenye hesabu ya majimbo matatu. Harris alishindwa waziwazi, wajumbe 226 dhidi ya 312, na hata kwa kura za nchi nzima. Lakini alikuwa makamu wa rais wa serikali iliyolaumiwa kwa gharama za maisha, na aliingia ulingoni mwishoni mwa Julai, siku 107 tu kabla ya uchaguzi, Biden alipojitoa. Anayetaka kulibebesha jinsia peke yake anguko hilo ana kazi ya kueleza kilichotokea siku hiyohiyo, kwenye karatasi hizohizo za kura. Michigan ilimpa Trump ushindi, ikampeleka Elissa Slotkin katika Seneti. Wisconsin ilimpa Trump ushindi, ikamrudisha Tammy Baldwin. Nevada nayo ikampa Trump ushindi, ikamrudisha Jacky Rosen. Wote watatu ni wanawake, wote ni wa Democratic, na wote walishindana na wanaume.