Kabla ya Rangi, Tafuta Maji Yanakotoka: Kuanza Biashara ya Ukarabati wa Nyumba Moshi

Nyumba nyingi kuukuu za Moshi, kuanzia Shanty Town hadi Majengo, hazina haja ya kubomolewa. Zinahitaji fundi anayejua kuusoma ukuta. Biashara changa za ukarabati huangukia hapohapo: fundi anakuta lipu imevimba, anataja bei akiwa bado mlangoni, anakwangua, anapiga niru na rangi. Masika yakipita, ukuta umerudi vilevile na mwenye nyumba anadai fedha zake. Rangi haikuwa na kosa. Bei ilitajwa kabla ya ukaguzi.

Ukaguzi uanzie nje. Unyevu unaoanzia darini na kushuka umetoka kwenye paa: kagua kofia ya paa, misumari ya bati iliyolegea na gata zilizoziba majani. Unyevu ulioishia chini ya kimo cha mita moja, wenye chumvi nyeupe juu yake, umepanda kutoka ardhini. Huu ndio unaotusumbua zaidi kwa sababu mji wetu uko kwenye mteremko. Kila mvua huteremsha udongo na kuulundika kwenye ukuta wa upande wa juu, na mwenye nyumba naye huongeza bustani au kutandaza pevingi, mpaka tabaka la kuzuia unyevu, lile lisilopitisha maji linalowekwa kati ya msingi na ukuta, linafukiwa. Chimba uushushe udongo angalau sentimita 15 chini ya tabaka hilo, kisha uweke mfereji wa kuyaondoa maji. Kazi hii ya jembe huokoa ukuta kuliko dawa yoyote ya dukani.

Doa lililo peke yake karibu na bafu ni la kushuku bomba. Funga koki zote, soma mita ya maji, subiri saa moja, soma tena. Ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja.

Ukibaki na shaka, bandika kipande cha nailoni angavu ukutani, ukizibe kwa utepe pande zote nne, ukiache siku nzima. Matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu umo ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa chumba chenyewe, na dawa yake ni kuongeza hewa.

Kwenye lipu, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: panapolia kama debe tupu pameachana na tofali, pabomolewe. Chumvi ipigwe brashi kavu, kwani ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Kuta za zamani zilizojengwa kwa udongo au chokaa zisipigwe lipu kali ya saruji tupu. Hufungia maji ndani, halafu hupasuka na kubanduka. Tumia saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Kwa meta za mraba 20 zenye unene wa milimita 15, andaa mifuko 2 ya saruji ya kilo 50, chokaa ndoo 3 na nusu za lita 20, na mchanga ndoo 21. Mwagilia kwa siku 7, kisha subiri wiki 4 hivi kabla ya rangi ya mafuta. Wakati wa masika subiri zaidi. Mteja atakuharakisha. Mweleze sababu, usikubali.

Darini, dunga kwa bisibisi ncha za kenchi (mbao zinazobeba paa) zinazoingia ukutani. Ikizama kama kwenye keki, mchwa au uozo umeshaingia. Ukikuta paa la asbesto, usilikate kwa grainda wala usifagie vumbi lake. Vumbi hilo huharibu mapafu na huleta saratani. Simamisha kazi, uombe maelekezo ya NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Sasa ndipo uandike bei: kila kazi na kipimo chake, picha za kabla, na akiba ya asilimia 10 hadi 15, maana ukuta wa zamani ukifunguliwa hukosi kukuta jambo. Ukaguzi wenyewe ulipiwe. Malipo ya awali yatoshe vifaa vya hatua ya kwanza, na kazi yoyote ya nyongeza isainiwe kabla ya kuguswa.

Jina la biashara lisajiliwe BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) ichukuliwe TRA, leseni iombwe halmashauri. Ili uingie mikataba kama mkandarasi, usajili ni wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kwa majengo, daraja la chini ni la saba. Kuondoa ukuta au kubadili paa, ulizia kwanza kibali cha ujenzi halmashauri. Umeme mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hata kama kijana wako anaujua.

Kazi za paa zipange Januari na Februari, kabla ya mvua za Machi. Kwenye mkataba, acha asilimia 5 ya malipo mkononi mwa mteja hadi masika ya kwanza yapite, kisha rudi Juni na nailoni yako mkaukague ukuta pamoja.