Unasihi kwa wenye unyeti mkubwa na ubongo tofauti: dhana potofu na ukweli

Wenye unyeti mkubwa ni watu wanaoguswa upesi na hisia, sauti au mwanga. Wenye ubongo tofauti ni kama wenye usonji (autism) au ADHD, hali ya shida ya umakini na utulivu. Hizi ni dhana potofu za wanasihi wanaotaka kuwahudumia.

"Mimi mwenyewe naguswa upesi, basi unasihi ni kipaji changu." Kuguswa upesi husaidia kumsikia mteja, lakini hakukufundishi kutenganisha yake na yako. Mnasihi anayedhani ameshajua huacha kuuliza. Mteja akisema kelele zinamchosha, uliza: kelele zipi, saa ngapi, na baada yake inamchukua muda gani kutulia? Usijaze majibu kwa uzoefu wako. Hilo ndilo jambo la kwanza kupeleka kwa msimamizi wako wa kitaalamu.

"Unyeti mkubwa ni ugonjwa, au ni usonji kwa jina jingine." Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, aliueleza kuwa ni tabia ya kuzaliwa nayo, na mwaka 1997 yeye na mumewe Arthur walichapisha kipimo chake chenye vipengele 27. Haumo kwenye DSM-5, mwongozo wa Kimarekani wa utambuzi wa matatizo ya akili. Usonji umo, na tangu toleo hilo la 2013 hisi zilizozidi au zilizofifia ni miongoni mwa vigezo vyake, ndiyo maana watu huchanganya. Toleo hilohilo liliruhusu mtu mmoja kutambuliwa kuwa na usonji na ADHD kwa pamoja. Mnasihi asiye na sifa za uchunguzi hampi mteja jina la hali. Humwelekeza kwa mwenye sifa.

"Kozi ya wikendi inatosha." Haitoshi. Kozi kama hiyo ni nyongeza tu juu ya mafunzo kamili ya unasihi yenye saa za mazoezi na wateja chini ya usimamizi.

"Mbinu za darasani zinamfaa kila mteja." Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kulazimisha kutazamana humla mteja nguvu za kufikiri. Kaeni kimshazari badala ya uso kwa uso. Kimya kirefu kinaweza kumwacha mwenye usonji akijiuliza anatakiwa afanye nini, basi mwambie: "Nanyamaza ili upate nafasi ya kufikiri." Swali "Unajisikiaje?" huwakwamisha wengi wasiopata jina la hisia zao. Anzia mwilini: mabega yamekaza? Tumbo je? Zima taa inayomemeteka, ondoa saa inayogonga. Mwenye ADHD mtumie ujumbe wa kumkumbusha siku moja kabla na tena saa moja kabla, na akikosa miadi usikimbilie kuandika kwamba anakwepa tiba.