Ganzi ya vidole si baridi ya ziwa

Pale mwaloni Kirumba, Mwanza, wapaa samaki wengi huamini kwamba ganzi ya vidole usiku ni baridi ya ziwa iliyoingia mifupani, na tiba yake ni kunyooshwa mkono mpaka viungo vilie. Si ajabu, maji ya alfajiri yanauma kweli.

Mara nyingi, hata hivyo, ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Jichunguze: ganzi ikishika gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, huku kidole cha mwisho kikisalimika, shuku kifundo.

Ushahidi kwamba kunyoosha viungo kunasaidia ni hafifu. Kulala na gango linaloshika kifundo kikiwa kimenyooka, kwa wiki kadhaa, huwasaidia wengi bila kidonge. Nyama ya chini ya gumba ikisinyaa, nenda hospitali mapema.