Dhana potofu kuhusu namna watu walivyoupokea uvamizi wa Kagera

Kumbukumbu ya vita vya mwaka 1978 na 1979 kati ya Tanzania na Uganda imehifadhiwa na redio zaidi kuliko na vijiji. Mtanzania aliyezaliwa miaka mingi baadaye anaifahamu sauti ya Mwalimu Julius Nyerere ikitamka kwamba uwezo wa kumpiga nduli Idi Amin upo, sababu ipo na nia ipo, lakini huenda hajapata kusikia neno hata moja la mkulima wa Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda, aliyeuvuka mto Kagera usiku akiwa na watoto mgongoni. Ndiyo maana zimeenea dhana kadhaa kuhusu namna watu walivyoupokea uvamizi ule, na nyingine zinarudiwa hata na wasomi wetu. Naamini wale walioumia wanastahili kumbukumbu iliyo sahihi kuliko hiyo.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Watanzania waliinuka kama mtu mmoja mara tu askari wa Amin walipovuka mpaka. Ukweli ni kwamba hotuba inayokumbukwa ilitolewa tarehe 2 Novemba 1978, ilhali mapigano ya mpakani yalikuwa yameanza mwezi Oktoba na uvamizi mkubwa ulifanyika mwishoni mwa mwezi huo. Katika siku hizo za mwanzo Radio Uganda ilikuwa ikidai kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia, na watu waliokuwa mbali na mpaka walikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Waliokuwa kati ya Mutukula, mji wa mpakani, na mto Kagera hawakuhitaji redio. Kwao hatua ya kwanza ilikuwa kukimbia, na maelfu kwa maelfu walikwenda kusini wakiacha migomba, mifugo na wazee wasioweza kutembea. Baadhi ya waliobaki nyuma waliuawa, wanawake walibakwa na wengine wakachukuliwa kwa nguvu kupelekwa Uganda, ng'ombe wa ranchi ya Missenyi wakaswagwa kuvuka mpaka, na mitambo ya kiwanda cha sukari ikaporwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni raia 1,500 waliopoteza maisha. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,800, sasa ni sehemu ya Uganda, na siku mbili baadaye daraja la mto huo lililoko Kyaka lilikuwa limekwisha kuvunjwa.

Ule moyo wa pamoja tunaousifu ulikuja baada ya hayo, na ulikuwa wa kweli. Vijana walijitokeza kujiunga na mgambo kwa wingi kiasi kwamba jeshi, ambalo kabla ya vita lilikuwa na askari wapatao 40,000, likapita watu 100,000 katika muda mfupi. Vijiji vilitoa ng'ombe na nafaka, na malori ya watu binafsi na ya mashirika yakabeba askari kwenda Bukoba kwa barabara ndefu na mbovu za wakati ule. Sioni sababu ya kuutilia shaka moyo huo, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa siku hizi wanaodai kwamba watu walilazimishwa tu na chama tawala. Ninachokipinga ni kuufanya ndio mwanzo wa habari, kwa maana tukifanya hivyo tunawafuta wakimbizi waliotangulia.

Wapo pia wanaodai kwamba wenyeji wa kaskazini ya mto, kwa kuwa wana undugu wa damu na lugha na watu wa Buddu upande wa Uganda, hawakuuona uvamizi huo kuwa jambo la ajabu sana. Undugu upo, na mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kwa kuufuata mstari wa digrii moja kusini ya Ikweta, bila kumuuliza mwenyeji yeyote. Lakini aliyekuja mwezi Oktoba 1978 hakuja kama ndugu, na hao waliokuwa na shangazi na wajomba ng'ambo ya Mutukula ndio walioporwa kwanza.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile isemayo kwamba Afrika nzima ilisimama na Tanzania. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao tangu mkutano wa Cairo wa mwaka 1964 ulikuwa umekubaliana kwamba mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni isiguswe, haukutoa tamko la kumlaani Amin kwa kutangaza kwamba amechukua ardhi ya mwenzake. Mwenyekiti wake wa wakati huo, Jaafar Nimeiry wa Sudan, alishughulika na upatanishi, na wajumbe waliofika Dar es Salaam walizungumza na mvamizi na mvamiwa kana kwamba wamegombana wote wawili kwa kosa la wote wawili. Nyerere alikuwa akidai mambo yanayoeleweka na mtu yeyote: Amin alaaniwe, aache madai yake juu ya ardhi ya Tanzania, alipe fidia, na aahidi kutorudia. Hayo hayakupatikana.

Waliosema waziwazi walikuwa wachache, hasa katika Nchi za Mstari wa Mbele, zile zilizoungana kupinga utawala wa Wazungu wachache kusini mwa Afrika, na Msumbiji ya Samora Machel ilipeleka askari wake kusaidia. Kenya ilijiweka kando. Tukumbuke kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa, kwa hiyo ubaridi wa Nairobi haukutokana na kumpenda Amin. Wakenya walikwisha kuonja madai yake mwaka 1976, alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda, na hasira yao wakati ule ilijaa barabarani na bandarini Mombasa. Libya nayo ilikwenda mbali zaidi ya maneno: Muammar Gaddafi alituma askari wapatao 2,500 kupigana upande wa Amin, na mwezi Machi 1979 akaitishia Tanzania kwa kuipa saa 24 iondoke Uganda. Nyerere aliwaeleza wananchi habari ya tishio hilo hadharani na kulikataa.

Ukimya ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulivunjika baada ya vita, na ulivunjika vibaya. Katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Monrovia mwezi Julai 1979, Nimeiry na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia nchi ya jirani na kuiondoa serikali yake. Hoja yao ya kutoingilia mambo ya ndani si ya kupuuzwa. Anayeogopa kwamba mlango huo ukifunguliwa utaingiwa na kila mwenye nguvu ana haki ya kuogopa. Ila hoja ya kisheria isiyosikika mwenye jeshi anapochukua ardhi, ikaja kusikika aliyechukuliwa anapomfuata nyumbani, ilikuwa imechelewa miezi minane.

Kwa sababu Amin alikuwa Mwislamu na aliungwa mkono na Libya, nchi ya Kiislamu, wengine wameviita vita hivyo vya dini, wakidhani kwamba Waislamu wa Tanzania walikuwa na moyo nusu. Mkuu wa majeshi ya Tanzania alikuwa Abdallah Twalipo, Makamu wa Rais alikuwa Aboud Jumbe, na kikosi kwa kikosi askari wa Pwani na Visiwani walipigana bega kwa bega na wenzao wa bara. Jeshi halikugawanyika. Ubaya wa dhana hii ni kwamba iligeuka kuwa kisasi mahali pengine: huko Ankole, baada ya Amin kuanguka, Waislamu wasio na hatia waliuawa na majirani zao kwa kuhesabiwa kuwa watu wake.

Hapo tunafika kwa Waganda wenyewe, ambao husemwa kwa sentensi moja: waliwapokea wakombozi kwa shangwe. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 watu walijaa barabarani, wakawakumbatia askari wa Tanzania na kuwapa maua, na furaha ile hakuna anayeweza kuikana, kwa kuwa ilitoka kwa watu waliokaa miaka minane wakiogopa kugongewa mlango usiku. Siku hizo hizo maduka yaliporwa na washukiwa wa usalama wa Amin wakauawa bila hukumu. Lakini Kampala si Uganda yote. Huko Mutukula, mwezi Januari, askari wa Tanzania walilipiza kisasi cha Kagera kwa kubomoa mji na kuua raia, jambo lililomfanya Nyerere aagize kwamba raia wasiguswe tena. Masaka na Mbarara, zilizotekwa mwishoni mwa Februari, ziliachwa magofu. Na kadiri jeshi lilivyosogea kuelekea West Nile, nyumbani kwa Amin, lilikuta watu wakikimbilia Sudan na Zaire kwa hofu ile ile waliyokuwa nayo watu wa Missenyi miezi michache nyuma. Furaha ya Kampala nayo haikudumu: Yusuf Lule, rais aliyemfuata Amin, alipoondolewa madarakani mwezi Juni, baada ya siku 68 tu, watu waliandamana mjini, na wengi wakaanza kuamini kwamba Tanzania ilikuwa inaandaa njia ya kurudi kwa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971.

Kuhusu hilo, Obote hakuhudhuria mkutano wa Waganda waliokuwa uhamishoni, uliofanyika Moshi Machi 1979 na kuunda serikali mpya, na mwanzo wa vita lengo lililotangazwa lilikuwa kumtoa Amin katika ardhi ya Tanzania. Hata hivyo lengo lilikua, na wananchi hawakuelezwa kila hatua. Kwa muda mrefu kauli rasmi ilikuwa kwamba kuna vita viwili, kimoja cha Watanzania kumfukuza mvamizi na kingine cha Waganda kumwondoa mtawala wao, ingawa waliobeba mzigo mkubwa katika vyote viwili walikuwa ni vijana wa JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Nadhani Watanzania wengi wangekubali kwenda Kampala hata kama wangeulizwa wazi. Walistahili kuulizwa.

Ndipo inapoanguka dhana ya mwisho, kwamba moyo ule wa Novemba 1978 ulibaki vilevile hadi mwisho. Baada ya ushindi Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, na askari wa mwisho wa Tanzania wakaondoka Uganda mwaka 1981, lakini sabuni, unga na sukari viliendelea kuadimika. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera, askari waliokufa wakazikwa kwa heshima katika makaburi ya Kaboya, na wakulima wa kaskazini ya mto wakarudi kwenye migomba iliyogeuka pori kuanza upya, wengi wao kwa mikono yao wenyewe.