Majeraha ya karakana kwa wanaojiundia ndege: maswali na majibu

Nchini Marekani mtu wa kawaida anaruhusiwa kujiundia ndege na kuirusha, mradi zaidi ya nusu ya kazi ya kuiunda iwe imefanywa na watu wanaoifanya kwa kujifunza au kwa kujiburudisha, si kwa biashara. Chama cha Experimental Aircraft Association, kilichoanzishwa Wisconsin mwaka 1953, kimewakusanya watu wa namna hiyo kwa miongo mingi. Wengi wao hufanyia kazi gerejini kwa nyakati za jioni, baada ya kutoka kazini, kwa miaka kadhaa mfululizo. Kiwanda kina msimamizi wa usalama na chumba cha huduma ya kwanza. Gereji ya nyumbani haina, na hiyo ndiyo sababu ya maelezo haya. Jambo ninalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni kwamba majeraha mengi mabaya ya kazi hii huonekana madogo siku ya kwanza.

Ni jeraha gani linalowapata wengi?

Ni majeraha ya vidole, hasa kukatwa na kingo za bati la alumini na kutobolewa na drili. Ndege ndogo ya bati inaweza kuwa na ribiti (vipini vya chuma vinavyounganisha mabati) zaidi ya 10,000, na kila ribiti inahitaji tundu lake, kwa hiyo mkono hurudia tendo lilelile hadi akili inaacha kulitazama. Fundi hushikilia bati lenye unene usiofika milimita moja kwa vidole vya mkono wa kushoto, akaikandamiza drili kwa mkono wa kulia. Bati linapotoboka, ukinzani hutoweka ghafla, na biti, yaani ncha ya drili inayotoboa, huruka mbele sentimita mbili au tatu kabla mkono haujaweza kujizuia. Kidole kilichokuwa nyuma ya bati ndicho kinachoipokea.

Kinga yake ni kuweka kipande cha mbao nyuma ya bati na kulibana kwa klempu, mkono ukae mbali. Kwa drili ya kusimama, bati lisilobanwa hunaswa na biti na kuzunguka kama panga, kwa hiyo lisishikwe kwa mkono mtupu wala kwa mkono wenye glavu. Glavu zinafaa sana wakati wa kubeba na kukata bati, lakini karibu na mashine inayozunguka ni hatari, kwa sababu uzi mmoja ukinaswa huuvuta mkono mzima. Pete nayo ivuliwe kabla ya kuingia karakana.

Biti ikiingia kidoleni nifanye nini?

Kandamiza kwa kitambaa safi hadi damu ikome, kisha osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kadhaa. Tundu la drili ni jembamba lakini refu, na huingiza ndani vumbi la alumini na mafuta, kwa hivyo usilizibe kwa gundi. Baada ya kuosha, kunja na kunyoosha kila kiungo cha kidole, kisha kiguseguse pande zote mbili. Kiungo kisichokunjika au kunyooka humaanisha kwamba huenda kano imekatika, na ganzi upande mmoja humaanisha kwamba huenda mshipa wa fahamu umeguswa. Vyote viwili vinahitaji daktari siku hiyohiyo. Ikiwa siku zinazofuata kidole kizima kinavimba, kinakaa kimekunjika chenyewe, na kukinyoosha kunauma mno, maambukizi yanaweza kuwa yameingia katika ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka kano, na hilo ni la hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Kwa kawaida hurudiwa kila baada ya miaka 10, lakini kwa kidonda kirefu au kichafu daktari hutaka kuirudia ikiwa imepita miaka mitano.

Chembe ya chuma imeniingia jichoni, lakini haiumi sana. Nisubiri?

Hapana, na hapa naomba nieleweke vizuri, kwa kuwa jicho halina nafasi ya pili. Kuna hali mbili zinazotofautiana kabisa. Ya kwanza ni chembe iliyodondoka juu ya jicho, kama vile vumbi la msasa. Usifikiche, osha kwa maji safi mengi, ukipepesa kope. Isipotoka, au jicho likibaki jekundu na lenye kuumizwa na mwanga, nenda kliniki. Chembe ya chuma cha pua au cha kawaida iliyokwama juu ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ichunguzwe mapema, kwani chuma cha kawaida huacha alama ya kutu ndani ya saa chache.

Hali ya pili ni chembe iliyorushwa kwa nguvu, kwa mfano pale nyundo ilipogonga chuma, biti ilipovunjika, au gurudumu la kusagia lilipopasuka. Chembe kama hiyo inaweza kutoboa jicho na kuingia ndani, tundu likajifunga, na maumivu yakawa madogo. Dalili za kutilia shaka ni mboni isiyo ya duara, ukungu wa ghafla, au maji maji kutoka jichoni. Hapo usioshe, usikandamize, wala usijaribu kuitoa. Funika jicho kwa kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe, kama kikombe cha karatasi kilichokatwa chini, na uende kwenye chumba cha dharura bila kuendesha gari mwenyewe.

Ukifika, mwambie daktari ni metali gani. Hili huonekana dogo, lakini alumini ni nyepesi na mara nyingi haionekani vizuri katika picha ya eksirei, ilhali chuma huonekana, na pia chuma ndani ya jicho ni hatari mtu akiingizwa katika mashine ya MRI yenye sumaku kali. Taarifa hiyo moja hubadilisha kipimo atakachoagiza. Miwani ya kawaida ya kusomea haitoshi kama kinga; inatakiwa miwani ya usalama iliyozibwa pembeni, na unaposaga vaa ngao ya uso juu yake.

Kidole kikikatika kabisa?

Piga 911, namba ya dharura ya Marekani, inua mkono, kandamiza jeraha kwa nguvu. Kipande kilichokatika kisafishwe kwa kumwagiwa maji safi tu, kifungwe kwa shashi yenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu iliyochanganywa na maji. Kisigusane na barafu moja kwa moja, kwani tishu zikiganda haziwezi kuunganishwa.

Gundi ya epoksi na rangi zinadhuru vipi?

Wajenzi wa ndege za nyuzi za kioo hushika epoksi kwa mamia ya saa. Miezi ya kwanza ngozi haionyeshi shida, kisha siku moja mikono inawasha na kuvimba, pengine hata kope. Huo ni mzio, na ukishajengeka mwilini haurudi nyuma. Wapo wanaolazimika kuiacha kazi nusu. Vaa glavu za nitrili zinazobadilishwa mara kwa mara, na usinawe epoksi kwa asetoni, kwani hulainisha ngozi na kuipitisha ndani. Tumia sabuni ya mafundi isiyohitaji maji. Povu la poliyurethani lisikatwe kwa waya wa moto, kwa kuwa hutoa gesi zenye sumu, ikiwemo ya sianidi. Waya wa moto ni wa povu la polistaireni pekee.

Rangi za ndege zenye sehemu mbili huwa na isosianeti, kemikali za kugandisha rangi ambazo huweza kusababisha pumu. Harufu haimwonyi mtu kwa wakati, na barakoa ya mkaa haitoshi kila mara, kwa hiyo tumia kifaa kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje au mpe kazi hiyo fundi wa rangi mwenye chumba maalumu. Rangi ya awali yenye kromati ya zinki ina kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Usiisage ikiwa kavu. Kioevu cha peroksaidi kinachogandisha resini za poliesta kikiingia jichoni, osha papo hapo kwa dakika 20 zisizokatizwa, kisha nenda hospitali.

Bunduki ya rangi ya msukumo mkubwa imenitoboa kidole, tundu ni kama la sindano. Si kitu?

Ni dharura ya upasuaji. Rangi husambaa ndani ya mkono kufuata ala za kano, na saa chache baadaye mkono huvimba na tishu hufa. Nenda mara moja, ukiwa na kopo la rangi.

Masikio na ganzi ya mikono?

Bunduki ya ribiti hupita kwa urahisi desibeli 100, na kwa kiwango hicho mwongozo wa afya kazini Marekani huruhusu dakika 15 tu kwa siku bila kinga. Vaa vizibo chini ya vifuniko vya masikio, na mwenzio anayeshika chuma nyuma ya bati avae vilevile. Vidole vinavyokuwa vyeupe na kufa ganzi vinatokana na mtikisiko wa zana. Pumzika na mwone daktari.

Mke wangu hataki nifanye kazi usiku peke yangu. Ana haki?

Ana haki. Saa nne usiku, baada ya siku nzima ya kazi, mkono huwa umechoka kabla mwenyewe hajatambua. Zima mashine za kukata, fanya kazi ya kupima na kusoma ramani. Weka simu mwilini badala ya kuiacha mezani, usifunge mlango kwa ufunguo, na ubandike ndani yake karatasi yenye majina ya kemikali zote ulizonazo pamoja na namba ya kituo cha sumu, 1-800-222-1222, ili anayekukuta asilazimike kusoma makopo wakati wewe huwezi kusema.