Mtoto wa mbwa anakojoa kila kona ya fleti, tufanyeje?

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaofuga mbwa kwenye fleti hapa Dar ni hili: daktari, huyu mtoto wa mbwa anakojoa kila mahali, nimchape vipi ndo aelewe? Usimchape. Na ule mtindo wa kumshika shingo unamsukumia pua kwenye mkojo wake naomba tuuache kabisa, maana mbwa hawezi kuunganisha kichapo cha saa hii na mkojo aliouacha dakika 10 zilizopita, anachojifunza ni kwamba wewe na mkojo mkiwa sehemu moja kuna hatari, kwahiyo kesho anaenda kukojoa nyuma ya kochi usimuone. Watu wananiambia "anajua amekosea, si unaona alivyolaza masikio". Hapana jamani, ameona sura yako imebadilika anaogopa, kosa lenyewe halijui.

Mtoto wa mbwa wa wiki 8 anabana mkojo kama masaa mawili tu, na akiwa anacheza hata hafiki huko. Kwahiyo kazi ni yako, umuwahi. Akiamka mpeleke, akimaliza kucheza mpeleke, akishakula hesabu dakika 15 mpaka 30, kwasababu tumbo likijaa utumbo mpana nao unaanza kusukuma, hapo utamuona anazunguka zunguka ananusa chini. Ukiona hivyo mbebe usisubiri. Ndo maana nasisitiza chakula kiwe na saa zake, bakuli likae dakika 15 hivi halafu litoe, mbwa anayekula siku nzima hata mwenyewe huwezi kujua atajisaidia saa ngapi. Maji lakini usimnyime, na hili joto letu.

Sasa umpeleke wapi? Hapa watu wa gorofani wanapata shida kwasababu chanjo za parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, zinaanza wiki ya 6 mpaka ya 8, zinarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, na kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hivyo kumshusha chini wanapopita mbwa wa mtaa mimi sishauri kabisa. Tumia balkoni. Wengi wanatandika magazeti, ni rahisi, ila mimi napendelea nyasi. Mbwa akiwa bado mdogo miguu yake inazoea aina ya sakafu anayojisaidia, ukimzoesha kitu cha kutandikwa basi mkeka nao umetandikwa, zulia nalo limetandikwa, taulo la mtoto likidondoka nalo halali yake. Nenda kwa wauza maua wa barabarani, nunua kipande cha nyasi na udongo wake kutoka sehemu mbwa wa mtaa hawapiti, weka kwenye beseni pana lisilo na kina, akishamaliza chanjo ukimshusha chini anakutana na kitu anachokijua tayari. Siku za mwanzo futa mkojo wake na kitambaa ukiweke juu ya nyasi, harufu itamuongoza.

Akikojoa pale mwache amalize kwanza, ukimshangilia katikati atakatisha aje kwako halafu amalizie sebuleni. Akimaliza tu mpe kipande cha ini la kuchemsha hapo hapo kwenye beseni. Ukisubiri mpaka mrudi jikoni ndo umpe, utakuwa umemlipa kwa kurudi jikoni. Na dada wa kazi na watoto nao wafundishwe hivyo hivyo, maana wao ndo wanashinda naye mchana.

Usiku alale kwenye kizimba kinachomtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Kikiwa kikubwa atalala kona hii atakojoa kona ile. Mchana ukiwa huwezi kumuangalia mfunge kamba ndefu kiunoni kwako mzunguke wote.

Ajali ikitokea kausha kwanza na kitambaa, halafu tumia dawa yenye vimeng'enya (enzymes) vinavyovunja mkojo, inayouzwa maduka ya wanyama, ukikosa basi siki na maji. Jiki usiimwage juu ya mkojo, inatoa gesi inayowasha macho na kifua, chenu na cha mbwa pia.

Kuna wanaojikojolea ukiwainamia kuwasalimia, hao wananyenyekea tu, chuchumaa ubavu ubavu usimkazie macho, wengi wanaacha wakikua. Lakini mbwa mkubwa aliyekuwa ameshajua halafu ghafla anaanza kukojoa ndani, huyo usimfundishe upya, mlete. Inaweza kuwa maambukizi ya kibofu, kisukari au figo, na jike aliyefungwa kizazi anaweza kuvuja akiwa usingizini. Kinga mkojo wa asubuhi kwenye kichupa kisafi chenye mfuniko uje nao siku hiyo hiyo.