Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe

Chupa ya soda iko chini ya meza, kando ya jiko la mafuta. Mtoto wa miaka miwili atajuaje kwamba ndani si maji? Akishapiga funda moja, nyumba nzima inamjia juu mama: "Mpe maziwa! Mtie kidole atapike!"

Ushauri huu tumeurithi, na ukiusikia unaingia akilini: sumu imeingia tumboni, basi itoke. Lakini hatari kubwa ya mafuta ya taa haiko tumboni, iko kwenye mapafu. Mafuta haya ni mepesi, yanateleza; kiasi kidogo tu kikipenya njia ya hewa husambaa ndani ya mapafu na kuyajeruhi. Kumtapisha mtoto ni kuyapitisha kooni mara ya pili. Maziwa nayo hayaiondoi sumu hiyo, yanajaza tumbo tu na kumchochea atapike.

Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mpeleke hospitali, na chupa uibebe. Akitapika mwenyewe, mlaze ubavu. Hata akiwa anacheza, nenda naye, maana dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Ndiyo sababu mara nyingi huwekwa chini ya uangalizi kwa saa sita hivi. Akikohoa mfululizo, akihema haraka haraka au akianza kusinzia ovyo, hapo hata kubadilisha kanga usingoje.